Nundu na Mwenyekiti wa Zizi

Nundu hakuzaliwa na nundu. Aliipata akiwa na miaka thelathini na moja, siku ng'ombe aliyekuwa akizaa kwa shida alipombamiza kwenye ukuta wa zizi na kulivunja bega lake la kushoto vipande vitatu. Mfupa uliunga vibaya, ukapanda juu, ukakaa hapo kama mpangaji asiye na mpango wa kuhama. Wanafunzi wa chuo, watu wasio na adabu tangu enzi, walimpa jina hilo kabla hata bandeji haijatoka. Akamtafuta aliyelianzisha, akamzaba kibao cha mgongo kilichomlaza kifudifudi kwenye samadi, na baada ya hapo akawa anaitika.

Chuo chenyewe kilikuwa na juu na chini. Juu, kilimani, kulikuwa na madarasa, maabara na walimu wenye vyeti ukutani. Chini kulikuwa na shamba: ng'ombe mia mbili na ushee, josho, machinjio madogo yenye sakafu ya saruji, na zizi la madume lililozungushiwa mabomba ya chuma. Juu ulisoma kwamba ng'ombe ana matumbo manne. Chini ulimwagiwa usoni yaliyomo katika mojawapo. Juu palikuwa pa wakubwa, chini palikuwa pa Nundu.

Alikuwa ameishia darasa la nne, na hata hilo hakulimaliza. Baba yake alikuwa mchinjaji aliyempiga mwanawe kwa mkanda uleule aliokuwa akinolea visu, na siku moja mtoto akaushika ule mkanda hewani, akauvuta, baba akaanguka, mtoto akaondoka bila kugeuka nyuma. Alifika chuoni kama kibarua wa kuchimba shimo la josho. Shimo likaisha, yeye hakuondoka. Miaka ishirini na sita baadaye alikuwa anawafundisha watu wa diploma namna ya kumlaza dume la kilo mia sita chini kwa kamba moja, na wale walimu wa kilimani, wakipata ng'ombe wao binafsi mgonjwa, waliteremka kimyakimya kumtafuta yeye.

Ufundishaji wake haukuwa wa kubembeleza. Siku ya kwanza ya kazi za vitendo, kabla hujagusa mnyama yeyote, ulipanga foleni kwenye ujia wa mabomba, ukaingia mwenyewe kwenye kile kizimba cha chuma kinachombana ng'ombe shingoni na mbavuni, na Nundu akavuta mkono wa kizimba. Chuma kinakukamata. Pumzi inakatika. Unabaki umetoa kichwa nje kama kobe, wenzako wanacheka, na yeye anakusogelea uso kwa uso.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Mjomba. Naumia."

"Nyuma yako kuna nini?"

"Sijui."

"Na ng'ombe naye hajui. Ndiyo maana anapiga teke. Haya, toka. Mwingine."

Sote tulimwita Mjomba. Yeye alituita watoto wa makaratasi, isipokuwa Daktari, ambaye alimwita binti. Daktari alikuwa mwenzetu wa mwaka wa pili, msichana mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyejitangaza daktari wa mifugo tangu wiki ya kwanza, na tukamwachia cheo chake kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani bila kutapika.

Kuna mengine kuhusu Nundu ambayo hayafai kuandikwa kwenye barua ya kumsifu mtu. Aliwahi kumvunja pua mwanafunzi. Yule mwanafunzi alikuwa amekasirikia ndama asiyetaka kusogea, akamsokota mkia mpaka ukakatika ndani, kak, kama karoti. Nundu alitembea hatua nne, akampiga ngumi moja, akamwinamia pale chini na kumuuliza, "Sasa utasogea?" Mkutano uliitishwa kilimani kwa ajili hiyo. Akapewa onyo. Akaliweka mfukoni, akarudi kwenye ndama.

Onyo lililomtisha kweli lilikuja baadaye, likiletwa na mkuu mpya wa idara. Huyu tulimwita Slaidi. Alifundisha kila kitu kwa picha ukutani, hata namna ya kunawa mikono. Viatu vyake havikuwahi kulijua shamba. Mwezi wa pili tangu aje, mwanafunzi mmoja alipigwa teke na ng'ombe wa maziwa, mbavu mbili zikavunjika na moja ikatoboa pafu. Kijana akatapika damu kwenye ndoo ya maziwa. Aliponea hospitali, lakini baba yake alikuja juu na kupiga kelele mpaka madirisha yakatetemeka. Slaidi akateremka, kwa mara ya kwanza, akasimama mbali kidogo na harufu.

"Mzee, nisikilize," alimwambia Nundu mbele yetu sote. "Akiumia mwanafunzi mmoja mwingine kwenye zizi lako, unahamia getini. Sitauliza nani kakosea."

"Getini kufanya nini?"

"Kufungua na kufunga."

Nundu aligeuka kuyatazama madume yake. Ungemwambia atakatwa mguu, angeuliza upi. Lakini geti. Kibanda cha bati, benchi, daftari la namba za magari. Mtu aliyeshinda maisha yake yote kifua kwa kifua na wanyama wakubwa kuliko yeye, akae kuzisalimia gari za watu.

Mke wake, mpishi wa bwalo la wanafunzi, tuliyemwita Mama Sufuria, alituhutubia siku hiyohiyo akiwa na upawa mkononi. "Sikilizeni, wanangu. Huyu mwanamume nimeolewa naye ananuka ng'ombe, nimezoea. Mkimfukuzisha kule chini akaja kuninunia nyumbani, nitawapikia kokoto. Kila mtu ajichunge mifupa yake."

Tukajichunga, miezi mitano mizima.

Sasa, madume. Walikuwa saba katika zizi lile, na Nundu aliwapa vyeo kama chama cha kijiji. Mkubwa wao, mweusi, mwenye pembe zilizotanuka kama usukani wa baiskeli, alikuwa Mwenyekiti. Aliyemfuata, mwekundu, mwenye jicho baya, alikuwa Katibu. Wa tatu, mnene, mwizi wa pumba, Mhazini. Wengine wanne walikuwa wajumbe tu, wakila walichoachiwa. Mwenyekiti akienda kwenye maji, wengine wanapisha. Akilala kivulini, kivuli ni chake. Mwaka mzima hatukuona ugomvi wa maana humo ndani, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshapigwa na kujua nafasi yake.

Wakaja kuamua kilimani kwamba madume wote wakatwe pembe, na kwamba kazi hiyo ndiyo iwe mtihani wetu wa vitendo. Nundu hakukataa. Alikuwa na utaratibu wake tu, na alituimbisha mpaka tukauota. Unaanza na wajumbe. Unapanda taratibu, Mhazini, Katibu. Mwenyekiti ni wa mwisho, na akishakatwa harudi kwa wenzake. Anakaa zizi la peke yake wiki tatu, mpaka damu iishe harufu na vidonda vikauke.

"Pembe ndicho cheo chake," alisema. "Ukimrudisha kwa wenzake bila pembe, na damu usoni, umemrudisha akiwa uchi. Watamuua. Hawatamfukuza. Watamuua."

Asubuhi ya mtihani, saa moja, mchungaji wa malisho ya mbali akapiga simu. Mtamba amekwama kuzaa tangu usiku, ndama amekaa vibaya na amekwisha kufa tumboni. Nundu akachukua waya, ndoano na sabuni.

"Msiguse dume hata mmoja mpaka nirudi. Noeni visu. Mkimaliza kunoa, vinoeni tena."

Saa mbili kamili Slaidi akafika na karatasi. Ilikuwa orodha ya madume kwa namba za hereni za masikioni, kuanzia ndogo kwenda kubwa, nadhifu, yenye mistari. Namba ya kwanza ilikuwa ya Mwenyekiti, kwa sababu ndiye alikuwa mzee kuliko wote.

"Mwalimu, Mjomba kasema tumsubiri," Daktari alimwambia.

"Mjomba wako ndiye anayesahihisha?"

"Hapana, ila huyu wa kwanza ndiye..."

"Binti, orodha ni orodha. Mna dakika arobaini kwa kila dume."

Tungeweza kukataa. Tulikuwa kumi na moja, yeye mmoja. Hatukukataa, kwa sababu alama ni alama, na mwoga akishapewa karatasi iliyopigwa mhuri hujiona ana haki. Tukamswaga Mwenyekiti kwenye ujia, tukambana kizimbani, tukamchoma sindano za ganzi chini ya pembe. Wawili wakashika ule waya wa kukatia, huku na huku, wakaanza kuvuta. Waya ukila pembe unatoa moshi, na harufu yake ni ya nywele zinazoungua. Pembe ya kwanza ilipoanguka, damu iliruka kama maji ya mpira uliotobolewa, mistari mitatu, mmoja ukapiga shati la Slaidi kuanzia kola mpaka mkanda. Akarudi nyuma hatua sita, akaendelea kusahihisha kutoka hapo. Pembe ya pili ikaanguka. Tukabana mishipa kwa koleo, tukapaka dawa, tukapata kumi na nane kwa ishirini.

"Mfungulieni arudi. Leteni wa pili," Slaidi akasema.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka ni nani alivuta mkono wa kizimba. Kila mtu ana jina la mwenzake. Mwenyekiti akatoka, akitikisa kichwa kilichokuwa chepesi ghafla, akaingia zizini kwa wenzake kama anavyoingia siku zote.

Ndani ya zizi alikuwamo mwenzetu, kijana mwembamba tuliyemwita Spoku, na fimbo yake, akimtafuta dume wa pili. Daktari alikuwa kwenye mlango wa chuma wa kusukuma pembeni, ule wa watu.

Kwanza Katibu aliinua pua. Akanusa, akasogea, akanusa tena karibu kabisa na kile kidonda. Mwenyekiti akampiga kwa kichwa, pigo la kumkumbusha, pigo ambalo jana lingemsogeza mita tano. Halikuwa na kitu mbele yake. Katibu alisimama palepale. Nadhani waligundua wote wawili kwa wakati mmoja.

Katibu akaingiza pembe chini ya ubavu na kuinua. Kilo mia sita zikapanda hewani kwa nyuma na kuanguka kwa kishindo tulichokihisi kwenye nyayo. Kabla hajasimama, Mhazini akaja upande wa pili. Ngozi ya tumbo ikachanika kwa sauti ya turubai. Mwenyekiti akainuka, akapigana, mtu asinidanganye kwamba hakupigana. Alimgonga Mhazini kwa ile mifupa mitupu mpaka damu yake mwenyewe ikamfumba macho yote mawili. Wajumbe wanne, waliokula makombo miaka yote, nao wakajiunga. Yule mdogo kuliko wote alimchoma nyuma ya paja, akarudi, akachoma tena palepale.

Spoku alikuwa amebanwa pembeni, amejikunja kama nguo iliyosahaulika. Daktari akafungua mlango, akaingiza mwili nusu, akamshika ukosi, akamvuta. Spoku akatoka. Mwenyekiti akaja kinyumenyume, akisukumwa na wawili, akaupiga mlango kwa makalio, mlango ukajifunga, na mkono wa kulia wa Daktari ulikuwa kwenye nguzo. Sikumsikia akipiga kelele. Nilimwona tu akiuchomoa, akauingiza ndani ya glavu ya mpira iliyokuwa ikining'inia kiunoni, akausimamisha kifuani. Sote tulikuwa na damu. Ya kwake ikapotea humohumo.

Slaidi wakati huo alikuwa juu ya ngazi ya tangi la maji. Sijui alifikaje, ngazi ile ilikuwa inamshinda hata fundi.

Nundu akatokea upande wa malisho, akikimbia na bega moja juu. Alikuwa amemtoa yule ndama vipande vipande, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka makwapani. Aliokota bomba la chuma, akaruka juu ya uzio, akamtandika Katibu puani. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu pua ikapasuka na Katibu akapiga magoti. Mhazini akamfagia Nundu kutoka ubavuni, akambandika kwenye mabomba, tulisikia mbavu. Akainuka na lile bomba bado mkononi, akampiga Mhazini chini ya jicho, akawaswaga wote wawili ujiani huku akiwatukania mama zao, akafunga. Wajumbe walishakimbilia pembeni, wapole, kama hawakuwepo.

Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati, utumbo ukigusa vumbi. Alijaribu kwenda kwenye maji. Hakuna aliyempisha kwa sababu hakukuwa na mtu wa kupisha.

"Kisu," Nundu akasema.

Nikampa. Akampigia goti shingoni, akamfunika jicho kwa kiganja, akakata mara moja, kirefu. Alibaki hapo mpaka miguu ilipoacha kupiga. Kisha akanyanyuka kwa kushika mabomba, uso umekuwa wa kijivu, na Slaidi akateremka.

"Kuna mwanafunzi aliyeumia?"

Spoku alimtazama Daktari. Daktari akatazama mbele.

"Hakuna, Mwalimu," akajibu Daktari.

Ungeona Slaidi alivyopumua. Na ungemwona Nundu pia, kwa sababu hata yeye alikuwa anasubiri jibu hilo, na bega lake lilishuka kidogo, kwa kadiri lilivyoweza kushuka. Geti lilikuwa limepita karibu kabisa na kwenda zake.

"Haya," akatuambia. "Nyama haingoji. Tumchune. Kila mtu na kisu."

Akagawa visu. Alipofika kwa Daktari, Daktari akapokea kwa mkono wa kushoto. Nundu akasimama. Akamwekea kisu cha pili mbele ya mkono wa kulia.

"Pokea."

"Ninacho, Mjomba."

Akamshika kifundo cha mkono, akavua glavu polepole. Glavu ilikuwa na damu kama kikombe. Vidole vitatu vilikuwa vimelala upande usio wao, na cha kati kilikuwa kimechanika mpaka mfupa.

Daktari alisema kwa sauti ya chini, haraka haraka. "Nyamaza, Mjomba. Nakuomba. Kesho nitasema nimeanguka bwenini. Hakuna atakayejua. Hata hainiumi."

"Mlango huu?"

"Bwenini, Mjomba. Ngazi."

"Mpaka kesho hivi vitakuwa vyeusi. Utamtibu ng'ombe kwa nini? Kwa meno?"

"Watakupeleka getini."

"Najua wanakonipeleka. Sikuuliza hilo."

Alimgeukia Slaidi, aliyekuwa akifuta shati lake kwa kitambaa cha karatasi. Akauinua ule mkono ili aone.

"Huyu hapa mwanafunzi wako. Piga simu gari lije. Sasa hivi, si baada ya kuandika."

Slaidi alipiga simu. Nampa hilo. Alipomaliza, alitazama chini, akatazama mzoga, akatazama karatasi yake yenye mistari. Spoku akafungua mdomo. "Mwalimu, orodha ilikuwa..."

"Wewe una mpango wa kumaliza diploma?" Slaidi alimuuliza bila kupaza sauti.

Spoku akafunga mdomo, nasi tukafunga yetu. Watu kumi wenye visu mikononi.

"Mzee, nilikwambia mapema," Slaidi akasema.

"Uliniambia."

"Leo hii."

"Niachie nimalize ngozi. Nzi wameshaanza."

Gari likaja, likamchukua Daktari. Hospitali walimwokolea vidole viwili. Cha kati walikikata. Nundu hakupanda lile gari, ingawa kila alipoinama alitoa mlio wa bawaba kavu. Alitufundisha kuchuna dume mzima, kuanzia kwato hadi taya. Spoku alipotoboa ngozi mara ya pili, alipigwa kwa ubapa wa kisu sikioni, na nadhani alishukuru. Tulitenganisha kifua, tukaosha sakafu, tukatundika nyama. Ngozi ilipotandazwa, Nundu alituonyesha matundu yote ya pembe, moja baada ya jingine, kumi na tisa, akamtaka kila mmoja wetu aingize kidole.

Kisha akanawa. Akamkabidhi funguo za zizi mchungaji wa malisho, akapanda kilima akijishika ubavu, akapita madarasa, akapita bwalo ambako Mama Sufuria alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake, akafika getini. Mlinzi wa zamu alikuwa amekaa katikati ya benchi, redio magotini.

"Sogea," Nundu akamwambia.

Yule akasogea, Nundu akakaa. Mlinzi alimtazama mgeni wake kuanzia buti lenye damu hadi bega. "Unakaa mpaka saa ngapi?"

Nje, lori la pumba lilikuwa limesimama mbele ya kizuizi, dereva akipiga honi. Nundu akasimama tena, taratibu, akaenda kulifungulia.